Mwongozo kwa Mkazi: Kufuatilia Maombi ya Ujenzi katika Mji wa Kale wa Lamu, Tangu Tangazo Hadi Rufaa

Anayetaka kuongeza ghorofa, kubomoa ukuta wa mawe ya matumbawe au kugeuza nyumba ya ukoo kuwa nyumba ya wageni katika mji wa kale wa Lamu hawezi kuanza kazi kwa hiari yake peke yake. Anahitaji kibali cha serikali ya kaunti, na ndani ya eneo la hifadhi anahitaji pia kupita mbele ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya jirani: mtu ambaye nyumba yake, njia yake au upepo wake utaguswa na ujenzi wa mwenzake, naye anataka kujua uamuzi unapitia wapi na aseme lini. Anayeomba kibali pia atapata humu mambo ya kumfaa, kwa kuwa pingamizi nyingi huzaliwa na maombi yaliyoandaliwa vibaya.

Kabla ya hatua zenyewe, lishikwe jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote yanayofuata. Uamuzi wa kaunti hutokana na yaliyomo ndani ya jalada, yaani faili la maombi. Malalamiko yaliyosemwa barazani, simu aliyopigiwa mwakilishi wa wadi, au maneno makali yaliyorushwa katika mkutano wa mtaa, hayana uzito mpaka yawe yameandikwa, yamepokelewa na kupigwa mhuri. Kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ni mfupi, mkazi anayeanza kuandika baada ya mafundi kufika huwa amechelewa.

Hatua ya kwanza: jua nani anaamua nini

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hii sehemu mbili. Mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na upimaji wa ardhi na makazi, ni jukumu la serikali ya kaunti. Majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la serikali ya kitaifa. Lamu imekaa pale mamlaka hizi mbili zinapokutana, na kutoelewa mgawanyo huu ndiko kunakowafanya watu wengi wabishe mlango usio wao.

Upande wa kaunti unaongozwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, Nambari 13 ya 2019, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya mipango ya 1996. Anayetoa au kukataa kibali ni mwanachama wa kamati tendaji ya kaunti anayesimamia mipango, yaani yule ambaye watu humwita waziri wa kaunti, akishauriwa na maafisa mipango wake. Upande wa urithi unaongozwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006. Mji wa mawe wa Lamu ulitangazwa katika gazeti la serikali kuwa kumbukumbu ya kale ya kitaifa inayolindwa mwaka 1986, ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Makumbusho ina ofisi ya uhifadhi papo hapo mjini.

Mradi ukiwa na athari kubwa kwa mazingira, kama hoteli au ujenzi wa ufukweni, inaingia mamlaka ya tatu, nayo ni NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Vilevile, mjenzi aliyekwisha kupata kibali hutakiwa kuusajili mradi wake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Wapo wanaoamini kwamba UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Paris na linalosimamia Orodha ya Urithi wa Dunia, ndiyo itakayokataa jengo baya. Hilo si kweli. UNESCO haitoi kibali cha ujenzi Lamu wala haina mkaguzi wa kusimamisha mafundi. Kazi yake ni kuiuliza serikali ya Kenya maswali, na kwa miradi mikubwa miongozo ya Urithi wa Dunia inaialika nchi husika itoe taarifa kabla uamuzi usioweza kurudishwa nyuma haujafanywa. Kwa hiyo barua inayotumwa Paris huku ofisi ya kaunti haijapokea hata ukurasa mmoja ni juhudi iliyoelekezwa mahali pasipoamua.

Hatua ya pili: hakikisha kazi yenyewe inahitaji kibali

Sheria ya 2019 inagusa kazi za ujenzi zinazofanywa juu ya ardhi pamoja na badiliko kubwa la matumizi ya jengo. Sehemu hii ya pili husahauliwa mno. Nyumba inaweza kubaki na kuta zake, daka lake (kibaraza cha mlangoni) na milango yake ya kuchonga, lakini ikigeuzwa kutoka makazi ya familia kuwa malazi ya wageni yenye mkahawa juu ya dari (paa bapa la nyumba), matumizi yamebadilika na kibali kinahitajika, hata kama hakuna jiwe lililoondolewa. Kwa upande mwingine, mtu anayepaka chokaa upya ukuta wake au anayebadilisha boriti moja iliyooza hafanyi kazi ya kiwango hicho, ingawa ndani ya eneo la hifadhi ni busara awaarifu maafisa wa uhifadhi kabla hajaanza. Ushauri wao ni nafuu kuliko kubomoa baadaye.

Uliza pia mahali hasa kiwanja kilipo. Eneo lililoandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ni dogo, takriban hekta 16, na limezungukwa na ukanda wa kinga ulio mkubwa zaidi. Hoja inayofaa katikati ya mji wa mawe huenda isiwe na nguvu ile ile kwenye ukanda huo. Omba uoneshwe kiwanja kwenye ramani. Usikubali jibu la mdomo kwamba ‘hapo si ndani’.

Kama kiwanja kinatazama bahari, liko swali jingine. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hati ya mtu binafsi haiwezi kuifikia sehemu hiyo kwa sababu tu nyumba yake iko mbele. Mchoro unaoonesha ngazi, ukuta au jukwaa likishuka hadi maji yanapofika wakati wa bamvua, yaani maji makuu, unastahili kuulizwa kwa maandishi: alama ya maji kujaa imepimwa na nani, na iko wapi kwenye mchoro huu?

Hatua ya tatu: pata habari mapema, na uombe jalada siku hiyo hiyo

Anayeomba kibali analazimika kuuarifu umma kuhusu mradi wake, na taarifa hiyo inapaswa kuwaalika wananchi wawasilishe pingamizi kwa waziri wa kaunti. Tangazo huweza kuwa gazetini au ubao uliowekwa kwenye kiwanja. Ukiliona, lipige picha pamoja na tarehe, kisha unakili nambari ya kiwanja, nambari ya maombi, jina la mradi na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Ikiwa kazi inajulikana mtaani lakini hakuna aliyeona tangazo, andika hivyo kwa kaunti, kwa sababu kukosekana kwa taarifa ni hoja yenyewe, na huenda ikawa hoja yako bora kuliko zote utakapofika kwenye rufaa.

Baada ya hapo, omba kuona jalada. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Andika barua fupi ukitaja nakala unazotaka: fomu ya maombi, michoro, ripoti ya mpangaji kama ipo, maoni ya taasisi zilizoulizwa, na risiti ya ada. Ofisi ina siku 21 za kuamua ombi la namna hii. Muda wa rufaa, kama tutakavyoona, ni siku 14. Anayesubiri uamuzi utoke ndipo aombe jalada anaweza kulipata wakati mlango wa rufaa umekwisha kufungwa. Ndiyo maana barua ya kuomba nakala inapaswa kwenda siku unayoliona tangazo.

Ukienda ofisini mwenyewe, nenda na nakala mbili za barua, moja ibaki nao na nyingine irudi nawe ikiwa na mhuri na tarehe. Afisa anayekwambia ‘acha tu, nitaisoma’ si lazima awe na nia mbaya, lakini barua isiyo na mhuri haina tarehe, na pasipo tarehe huwezi kudai kwamba ulisema kwa wakati.

Hatua ya nne: soma michoro kama mtu anayeijua nyumba

Hapa ndipo mkazi wa mji wa kale anapomzidi mtaalamu wa kutoka mbali, na ndipo panapofaa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Anza na umiliki. Kama mwombaji si mwenye ardhi aliyesajiliwa, sheria inataka idhini ya maandishi ya mwenyewe. Katika mji wenye nyumba za urithi hili si jambo dogo. Nyumba huweza kuwa bado imeandikwa jina la babu aliyefariki, warithi wakawa wengi na wametawanyika, au ikawa wakfu ambao hauwezi kufanyiwa upendavyo msimamizi wake. Mrithi mmoja akitia saini kana kwamba ni wote, jalada lina kasoro tangu ukurasa wa kwanza, na warithi wengine wana haki ya kuieleza kaunti hivyo.

Nenda kwenye urefu. Linganisha idadi ya ghorofa zilizochorwa na nyumba zinazopakana, kisha utafute kwenye mchoro kitu ambacho mara nyingi hakihesabiwi kuwa ghorofa: paa la makuti juu ya dari, tangi la maji, chumba cha ngazi. Mji wa Lamu unapotazamwa kutoka baharini huonekana kama safu moja ya majengo ya ufukweni yenye varanda na matao, na mwonekano huo umetajwa katika sababu za mji kuingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Jengo moja linalochomoza juu ya safu hiyo haliwi tena jambo la majirani wawili.

Tazama vifaa vya ujenzi. Kuta za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Chokaa huruhusu unyevu utoke ukutani. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa aina hiyo huufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda jiwe lenyewe huanza kulika. Nguzo na sakafu za zege nazo huongeza uzito juu ya misingi ambayo haikukusudiwa kuubeba, na kwa kuwa nyumba nyingi hushirikiana ukuta, uzito huo unaweza kumfikia jirani ambaye hakuomba chochote. Kama mchoro unaandika ‘ukuta mpya wa matofali ya saruji’ mahali ambapo ukuta wa pamoja umesimama, uliza ripoti ya mhandisi iko wapi.

Kisha angalia madirisha na dari. Nyumba ya Kiamu imejengwa kuzunguka kiwanda chake cha ndani, yaani ua ulio wazi katikati ya nyumba, na faragha ya kiwanda hicho si suala la ladha tu. Ndiyo iliyopanga daka likae wapi, ngazi ipinde wapi, na kwa nini kuta za nje zina matundu machache. Dari mpya ya wageni inayotazama chini ndani ya viwanda vitatu vya majirani imevunja mpango huo hata kama haikugusa jiwe la mtu. Andika ni viwanda vya nani, na dirisha gani kwenye mchoro linavitazama.

Mwisho wa usomaji ni mambo ambayo wachoraji hupenda kuyaficha kwenye pembe ya karatasi: maji machafu yanakwenda wapi, shimo la choo liko umbali gani kutoka kisima cha jirani, njia ya umma imepunguzwa au la, na kama kuna wikio lolote, yaani chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, linaloongezwa au kuondolewa. Katika vichochoro ambamo mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, uliza pia kifusi kitatolewa vipi na kitamwagwa wapi. Jambo hilo linafaa sana kuombwa kama sharti la kibali.

Hatua ya tano: andika maoni yanayoweza kuhesabiwa

Sheria inamtaka mwamuzi afungwe na mipango iliyoidhinishwa ya eneo, azingatie huduma za jamii na athari kwa mazingira, na azingatie maoni ya taasisi husika na ya umma. Barua yako basi isimame juu ya mambo hayo. Pingamizi linalosema kwamba mwombaji ni mgeni, ni tajiri, au hasalimii watu, halina pa kushika. Na kwa kweli linadhoofisha hoja nzuri zilizo jirani nalo. Hoja moja iliyoambatanishwa na picha, kipimo na ukurasa wa mchoro ni bora kuliko kurasa nne za uchungu.

Kiswahili ni lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo huna haja ya kumtafuta mtu wa kukuandikia kwa lugha nyingine. Muundo wa barua unaweza kuwa kama huu:

Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia Ardhi na Mipango,
Serikali ya Kaunti ya Lamu.

Kwa Bw./Bi.,

KUH: PINGAMIZI DHIDI YA MAOMBI NAMBARI …, KIWANJA NAMBARI …, MTAA WA …

Mimi ni mkazi na mwenye nyumba inayopakana na kiwanja kilichotajwa, upande wa kaskazini. Nimesoma tangazo la tarehe … pamoja na michoro iliyowasilishwa.

Napinga sehemu mbili za maombi haya. Kwanza, mchoro nambari … unaonesha ghorofa ya nne pamoja na paa juu ya dari, ilhali nyumba zote zinazopakana hazizidi ghorofa tatu, na kiwanja kiko ndani ya eneo la mji wa kale linalolindwa. Pili, mchoro unaonesha nguzo za zege zikiegemea ukuta tunaoshirikiana, na hakuna ripoti ya mhandisi kuhusu uwezo wa ukuta huo. Nimeambatanisha picha za nyufa zilizopo sasa.

Naomba maombi yakataliwe kama yalivyo. Ikiwa kibali kitatolewa, naomba kiwe na masharti kwamba ghorofa ya nne iondolewe, na kwamba hakuna kazi itakayofanyika kwenye ukuta wa pamoja kabla ripoti ya mhandisi haijawasilishwa na kukaguliwa.

Naomba nijulishwe uamuzi kwa maandishi kupitia anwani iliyo hapa chini.

Wako mwaminifu,
…

Sentensi mbili za mwisho za barua hiyo ndizo zenye kazi kubwa. Ombi la masharti humpa afisa njia ya kukusikiliza bila kukataa mradi mzima, na ombi la kujulishwa kwa maandishi linaacha kumbukumbu jaladani kwamba ulitaka kupelekewa uamuzi. Peleka nakala kwa ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho, na kama mradi una tathmini ya mazingira, peleka nyingine NEMA.

Anayeunga mkono mradi naye aandike. Jirani anayetaka nyumba iliyoporomoka ijengwe upya ana haki ile ile ya kuhesabiwa, na jalada lenye sauti za pingamizi pekee humpa mwamuzi picha isiyo kamili.

Hatua ya sita: hesabu siku

Kaunti inatakiwa kuzipelekea taasisi husika nakala ya maombi ndani ya siku 7 tangu kuyapokea, na taasisi hizo zina siku 14 za kutoa maoni. Hizo ndizo wiki ambazo barua yako inaweza kusomwa pamoja na ya Makumbusho. Baada yake afisa huwa amekwisha kuandika mapendekezo.

Ipo tarehe nyingine inayohitaji tahadhari zaidi. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba kibali kimetolewa. Kifungu hiki kiliwekwa kumlinda mwananchi dhidi ya ofisi inayokalia majalada, na kwa mtu anayejenga nyumba ya kawaida mahali pa kawaida ni kifungu chema. Katika mji wa kale kina hatari yake, kwa maana kimya cha ofisi kinaweza kuwa kibali bila mtu yeyote kuupima mradi. Weka alama siku ya 45 kwenye kalenda yako na uandike kuuliza maombi yamefikia wapi. Kumbuka pia kwamba kibali kinachotokana na kimya ni kibali cha sheria hiyo ya mipango tu; hakiondoi wajibu ambao mwombaji anao chini ya sheria ya urithi au ya mazingira.

Hatua ya saba: soma uamuzi wote, pamoja na masharti

Uamuzi huwa wa aina tatu: kibali, kibali chenye masharti, au kukataliwa. Cha pili ndicho kinachohitaji usomaji wa makini. Sharti lililoandikwa ‘mwombaji ahifadhi tabia ya eneo’ halimfungi mtu, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba limevunjwa. Sharti lililoandikwa ‘kimo cha jengo kisizidi mita … kutoka usawa wa njia, na kuta za nje zipakwe chokaa’ linaweza kupimwa na mkaguzi kwa futi kamba. Ukikuta masharti ya aina ya kwanza, hiyo yaweza kuwa sababu ya kukata rufaa hata kama kibali chenyewe hukipingi.

Kama uamuzi haukueleza sababu, ziombe. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Lakini usisubiri sababu hizo ndipo uandae rufaa. Andaa vyote viwili kwa pamoja.

Hatua ya nane: kata rufaa mahali panapostahili

Rufaa haipewi mwombaji aliyekataliwa peke yake. Sheria inamruhusu mwombaji ‘au mtu mwenye maslahi’ ambaye hakuridhika, naye akate rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Siku ya uamuzi yenyewe haihesabiwi. Jumapili na sikukuu zilizo katikati huhesabiwa, isipokuwa siku ya mwisho ikiangukia mojawapo, basi muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kamati nayo ina siku 14 za kusikiliza na kuamua. Uliza mapema katibu wa kamati ni nani na ofisi yake iko wapi, kwa kuwa kuligundua hilo siku ya kumi na tatu ni kujitafutia hasara.

Katika rufaa eleza kosa la uamuzi: tangazo halikutolewa, maoni yako hayakuzingatiwa, mpango wa eneo ulikiukwa, au Makumbusho haikuulizwa. Ambatanisha barua zako zenye mhuri. Asiyeridhika na kamati anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usianzie huko, mahakama za Kenya zimezoea kumrudisha mtu aliyeruka njia ya rufaa iliyowekwa na sheria.

Kama unachopinga ni leseni ya mazingira iliyotolewa na NEMA, njia ni nyingine: Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, ambako muda ni siku 60. Lamu ina mfano wake. Mwezi Juni 2019 Baraza hilo lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi, na miongoni mwa sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Waliofanikiwa pale walikuwa wamefuatilia mchakato, wakaweza kuonesha ni wapi ulipungua.

Hatua ya tisa: kazi ikianza

Mkaguzi hawezi kuwa kila kichochoro, kwa hiyo anayeona tofauti ya kwanza kati ya mchoro na ukuta ni jirani. Piga picha kila wiki ukiwa umesimama mahali pale pale, uandike tarehe, na uhifadhi nakala ya kibali karibu nazo. Ukiona ghorofa ambayo haimo kwenye mchoro, au kazi inayoendelea bila kibali chochote, iandikie kaunti ukiiomba itoe notisi ya utekelezaji, ambayo humtaka mwenye kiwanja asimamishe au arekebishe kazi kwa muda uliowekwa. Ndani ya eneo linalolindwa, nakala iende Makumbusho siku hiyo hiyo.

Anayejenga bila kibali ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mwekezaji mkubwa faini hiyo si kitu. Kinachomuuma ni kifungu kingine cha sheria hiyo hiyo, kinachotaka aliyejenga bila kibali airudishe ardhi katika hali yake ya awali, au karibu na hali hiyo kadiri inavyowezekana, ndani ya siku 90. Pia kaunti inaweza kukifuta kibali cha aliyekiuka masharti. Hivyo basi katika barua yako usiombe faini. Omba urejeshaji, taja siku 90, na ambatanisha picha ya jinsi mahali palivyokuwa kabla ya kazi kuanza, kwa sababu bila picha hiyo hakuna atakayeweza kusema hali ya awali ilikuwa ipi.